Upenu wa Mke Mkubwa

Nilimchorea mke mwenzangu nyumba kwa mikono yangu mwenyewe, na kila ukuta niliousimamisha ulinichoma. Nasema mapema ili msomaji asije akanionea huruma nisiyoihitaji. Sikuwa na huzuni, wala ule uvumilivu ambao wanawake wa kanisani husifiwa nao. Nilikuwa na wivu mtupu, wa kumfanya mtu asukume sahani ya ugali pembeni.

Ilikuwa mwaka uliofuata mvua za El Nino. Nilikuwa nafanya kazi Migori mjini, ghorofani, juu ya duka la hadiwea kwenye barabara iendayo Isebania. Niliajiriwa kupiga chapa tu. Mwajiri wangu alikuwa mzee aliyechora ramani za nyumba kwa penseli na rula, na baada ya mvua zile wateja walimjia kwa wingi, maana kila mtu alikuwa na ukuta ulioanguka au paa lililong'oka. Akanunua kompyuta kutoka Nairobi, na pamoja nayo sidii ya programu ya kuchora nyumba. Kisha akagundua kwamba mkono wake na kipanya haviivi chungu kimoja. Alikishika kama panya wa kweli, tayari kumtupa dirishani. Hivyo ndivyo mpiga chapa alivyogeuka kuwa mchora ramani.

Ile programu niliipenda, siwezi kukataa. Unachora kuta, unabonyeza palipoandikwa paa, na paa linakaa lenyewe, bila misumari na bila fundi kuteremka kila saa kunywa chai. Halafu kinafunguka kisanduku kidogo cha maswali kuhusu ukingo wa paa. Upenu utoke futi ngapi nje ya ukuta? Ncha za rafta, zile mbao zinazobeba paa, zikatwe wima au mshazari? Ule ubao wa kufunika ncha hizo, ambao mafundi wetu wanauita feshabodi, uwe na upana gani? Kuna gata ya kukinga maji? Chini ya upenu pazibwe kwa mbao au pabaki wazi? Wateja wengi walisema niweke chochote. Mimi kwenye kile kisanduku ndipo nilipokuwa nakaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Sababu yake ilitoka Homa Bay. Nilizaliwa huko, katika boma la wake watatu, na mama yangu alikuwa mikayi, yaani mke wa kwanza. Nyumba yake ilitazamana na lango, na baba aliijenga akiwa bado kijana mwenye nguvu na mapenzi, kwa hiyo upenu wake ulitoka nje kweli kweli. Chini yake kuni hazikuloa. Manyunyu yakianza, gunia la omena, wale dagaa wa ziwani, liliburutwa pale na kazi ikaendelea. Nyumba za wake wadogo zilijengwa baba akiwa amechoka, na upenu wake ulikuwa mfupi kama shati la mtoto aliyekua haraka. Mvua ikiwakuta uani, walikimbilia kwa mama. Aliwapa vigoda na chai, na alipenda sana kuwatazama wakikimbia.

"Mwanangu," aliniambia siku moja, "mume atagawanywa, hilo huwezi kulizuia. Lakini upenu haugawanywi."

Nikaolewa na mtu anayenunua dhahabu kwa wachimbaji wa Masara, na kwa miaka kadhaa nilidhani maneno ya mama hayanihusu. Tulikuwa Wasabato, tukikaa benchi la pili kutoka mbele. Ijumaa moja jioni, nikiwa napiga pasi nguo za kanisani, mume wangu akasema, "Kuna mgeni atakuja."

"Mgeni gani?"

"Mgeni wa kukaa," akajibu, akatoka nje kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Mgeni mwenyewe alikuwa msichana wa Kikuria kutoka upande wa Kegonga, mrefu, mwenye sauti ya taratibu na ngozi ambayo sikutaka kuitazama. Hakujua Kijaluo, mimi sikujua Kikuria, kwa hiyo tukaachiwa Kiswahili. Aliniita Mama. Miaka baina yetu haikufika hata kumi, na kila alipolitamka neno hilo nilihisi mvi zikiniota. Mume wangu akaacha kanisa, mimi nikabaki na benchi lote.

Biashara ilipomnyookea, akaamua kujenga nyumba za mawe. Mbili. Na kwa kuwa mke wake ni mchora ramani, hakuona haja ya kumtafuta mwingine.

"Chora zote pamoja," aliniambia. "Yako itazame geti, ya mwenzako iwe upande wa kulia. Vyumba sawa, madirisha sawa. Nataka picha moja ya boma zima, niitundike dukani Masara watu waone."

Vyumba sawa! Madirisha sawa! Mwanaume mwenye wake wawili akitaka kuonekana mwenye haki, hugawa kila kitu katikati, na yule aliyekuwa na kitu kizima ndiye anayeumia. Sikubishana naye. Nilijua kuna mahali pamoja ambapo hakupataja, kwa sababu wanaume hawapaoni. Nyumba yangu ingekuwa na upenu wa futi tatu, feshabodi pana iliyopakwa rangi, na gata kuzunguka pande zote. Yake ingekuwa na futi moja, kama zile za wake wadogo wa baba. Mtu akisimama langoni ajue mikayi ni nani bila kuuliza.

Nikachora kuta za nyumba mbili. Nikaweka mapaa. Nikafungua kile kisanduku na kuandika tatu, na upenu wangu ukatoka ukatanda kama mbawa za kuku anayefunika vifaranga. Nilikaribia kuimba. Kisha nikaigeuza picha ili nione boma kutoka langoni, nikaona na yake imetanda vile vile, feshabodi na gata na vyote. Nikarudi, nikaandika moja. Yake ikanywea, na yangu ikanywea pamoja nayo. Nikaandika tatu tena. Moja. Tatu. Nyumba mbili zikawa zinapanua na kukunja mbawa mbele yangu kama zinanicheka.

Mwajiri wangu akaja kusimama nyuma yangu, akatazama, akaelewa kila kitu. Na yeye alikuwa na wake wawili.

"Kisanduku ni kimoja kwa ramani nzima," akasema. "Aliyetengeneza hiyo kitu alikuwa na bibi mmoja."

Sikukata tamaa. Nilijaribu kumwekea paa lisilo na upenu kabisa, na langu likaondokewa na upenu papo hapo. Nilijaribu kuizungushia yangu kuta za uongo ili paa lidanganyike litoke zaidi, nyumba ikafanana na mtu aliyevaa kofia ya mtu mwingine. Ningeweza kuchora kila nyumba kwenye faili yake, lakini mume wangu alitaka boma zima kwenye picha moja, na alikuwa ameshawaahidi watu wa Masara. Siku za kazi zikapita hivyo, wateja wengine wakingoja, umeme ukipotea na kurudi, na mimi nikipigana na mwanamke asiyekuwepo ofisini.

Kisha akaja mwenyewe. Alikuwa ametoka sokoni na mkungu wa ndizi, akapiga hodi, akaketi kando yangu kwenye kiti cha wateja. Kompyuta alikuwa hajawahi kuiona ikiwa imewashwa. Ile programu ilipamba kila nyumba kwa miti yake yenyewe, mirefu na iliyochongoka, ya nchi za baridi.

"Hizi miti zitakuja pia?" akauliza.

Nilicheka, na nikajikasirikia kwa kucheka.

"Na hii ya kwangu ni gani?"

Nikamwonyesha. Akasogea karibu na kioo, akapitisha kidole polepole kwenye ukingo wa paa lake, toka pembe moja hadi nyingine. "Na hii imetokea nje hivi ni nini?"

"Upenu. Kuzuia mvua isipige ukuta."

"Kwetu mvua ya mwaka jana iliingia mpaka kwa kitanda. Ukuta ilianguka yote ya upande moja." Akanigeukia. "Mama, umenifanyia poa sana."

Sikuwa nimemfanyia lolote, programu ndiyo iliyomfanyia. Alipoondoka nilichukua kitambaa nikafuta kioo mahali kidole chake kilipopita.

Lakini kabla hajaondoka aliuliza jambo jingine. "Watu wa nyumbani wananiita nyieka wako. Nyieka ni nini?"

Nikababaika. Kiswahili, lugha pekee tuliyokuwa nayo sisi wawili, kinamwita mke mwenza, na mwenza ni rafiki, mtu wa kushirikiana naye. Kijaluo hakijisumbui kupaka sukari. Nyieka limetoka tumbo moja na nyiego, na nyiego ni wivu.

"Ni mke mwenza," nikamwambia.

"Mwenza," akasema. "Ni jina mzuri."

Siku ya soko iliyofuata alirudi, na safari hii hakuleta ndizi. Akakaa kwenye kiti kile kile.

"Wanawake wa posho mill wameniambia maana. Ati ni mtu wa wivu."

"Ndiyo."

"Sasa hiyo jina ni yangu ama ni yako?"

"Ni ya sisi wote," nikasema. "Kwani wewe huna wivu?"

Alifikiri kwa dhati, kama mtu anayepapasa mfukoni kutafuta ufunguo. "Sina," akasema. "Wivu ya nini, na wewe ndio ulitangulia?"

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hilo jibu liliniuma kuliko matusi, kwa sababu halikuwa na ubaya wowote ndani yake. Alikuwa hana wivu kwa vile hakuna kitu alichokuwa amenyang'anywa. Nikageukia kompyuta nisimwonyeshe uso wangu, na hapo ndipo akasema lile ambalo mwajiri wangu, mdomo wake usio na mlango, lazima alikuwa amemdokezea ngazini.

"Nimesikia unataka yako itoke zaidi. Punguza yangu, Mama. Wewe ni mkubwa."

Kile nilichokipigania kwa siku zote zile, alikuwa ananipa kama mtu anayempisha mwingine kiti. Nikatamani kukikataa. Sikukikataa. Nikafungua kisanduku mbele yake, nikaandika moja, na tukaangalia pamoja nyumba zote mbili zikikunja mbawa.

"Na yako pia imeenda!"

"Huenda pamoja. Hiyo ndiyo shida."

Akacheka mpaka akashika meza. "Basi rudisha. Wacha tukauke wote."

Nikarudisha tatu. Nilikuwa bado nina wivu, asinisingizie mtu utakatifu, lakini nilikuwa nimechoka, na kicheko chake kilikuwa cha mtu ambaye ningeweza kukaa naye chini ya upenu mmoja mvua ikinyesha, bila kumfukuza. Nilimsikia mama yangu akiguna huko aliko.

Ndipo mume wetu akaingia, viatu vimejaa vumbi jekundu la Masara, uso unang'aa. Akainama kati yetu akaitazama picha.

"Nzuri," akasema. "Nzuri kabisa. Sasa ongeza ingine hapa." Akaweka kidole kwenye nafasi tupu, upande wa kushoto. "Ndogo tu. Vyumba viwili."

"Ya wageni?" akauliza mke mwenzangu.

"Eeh," akasema mume wetu, macho dirishani. "Ya mgeni."

Akasema gari linamngoja, akashuka ngazi haraka kuliko alivyopanda.

Neno lile mgeni nilikuwa nimeshalisikia Ijumaa moja, pasi ikiwa mkononi. Na katika boma la Mjaluo wageni hawajengewi upande ule. Kulia ni kwa mke wa pili. Kushoto ni kwa wa tatu. Mume wetu hakuhitaji kutuambia chochote zaidi ya pale alipoweka kidole.

Nikachora kuta za vyumba viwili, kwa kuwa mkono ulikuwa kwenye kipanya na sikujua pa kuupeleka pengine. Nikabonyeza paa. Sikuandika futi, sikugusa kisanduku. Paa likakaa, na upenu ukatanda futi tatu, na feshabodi pana, na gata pande zote.

"Imekuja yenyewe," akasema mke mwenzangu.

"Imekuja yenyewe."

"Mama, hiyo nyumba ni ya nani?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwa Kiswahili cha polepole, kushoto ni ya nani na kulia ni ya nani. Hakulia. Alinyoosha kidole akakiweka juu ya nyumba ile ya tatu, kama anayetaka kuifunika, lakini kidole kilikuwa chembamba na upenu ulitokeza pande zote mbili.

"Nyieka," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Punguza hiyo."

"Haipungui peke yake. Ikipungua hiyo, zetu pia zinaenda."

Macho yake hayakutoka kwenye kioo.

"Punguza tu," akasema. "Kunyeshewa nimezoea."