Aliposema "babu", mimi nikaandika babu

Admin, shikamoo, na ninyi wote mnaosoma hapa. Naomba jina langu na la chama chetu yafichwe, maana huku milimani tunajuana. Nina miaka thelathini na sita, nina mke na watoto wawili. Nimeishia kidato cha nne. Kompyuta nimejifunza kwa kozi fupi na kwa kuandika kila ninachofanya kwenye daftari langu, kila ukurasa na tarehe yake. Ninatunza mtambo wa chama cha wakulima wa mboga, upande wa Lukozi.

Mtambo wetu ni seva ya Java, kompyuta inayokaa ofisini. Kila ikiwashwa, kabla mtu hajagusa chochote, kuna kazi inayoanza yenyewe: inasoma orodha ya wakulima wa zamu na kuwatumia ujumbe, "Kata kabichi, gari linakuja." Programu yenyewe haijui orodha imehifadhiwa wapi. Inajua jina la hifadhi tu, lililoandikwa kwenye faili la mipangilio, basi inaiuliza seva, "Kwa fulani ni wapi?", kama mgeni aliyeshuka stendi, na seva inaielekeza. Ukiandika jina lisilokuwepo, programu inagoma na hakuna kinachoharibika. Hatari ni kuandika jina la mwingine ambaye yupo.

Jumatatu ya wiki iliyopita nilikuwa Mombo, nimeshuka kumpokea mama aliyetoka hospitali. Huku nyuma umeme ukakatika, uliporudi seva ikakataa kuanza kwa sababu faili la mipangilio lilikuwa limeharibika. Ofisini alikuwepo karani wetu, nimwite Mama Rehema. Nikafungua laptop kwenye kibanda cha chai, nikaanza kuandika faili upya ili nimtumie. Jina la hifadhi ya msimu huu sikuwa na uhakika nalo. Lilikuwa kwenye daftari langu, kwenye droo ya meza, lakini sikutaka alifungue. Nimeandika mengi mle, na mengine ni juu yake, kwamba ni mzito wa kuelewa. Kwa hiyo nikampigia simu asome karatasi ambayo fundi wa kwanza aliibandika juu ya mashine.

"Pameandikwa jina gani, dada?"

"Pameandikwa... babu."

"Babu tu?"

"Babu, kaka. Si unamjua!"

Yule fundi wa kwanza alikuwa mtu wa mizaha. Printa aliiita Bibi Kikohozi. Nikaamini. Ningeweza kumwomba anitajie herufi moja moja, sikufanya hivyo. Nikaandika babu, nikatuma, akaliweka faili mahali pake, akawasha. Seva ikaamka bila kulalamika. Nikamwambia, "Umeona? Na wewe ni fundi." Akacheka sana.

Kesho yake wakulima ambao hawakuwa na zamu walikuwa wameshakata kabichi na kuzipanga barabarani. Gari lilikwenda kijiji chenye zamu, likakuta hakuna aliyekata, likarudi tupu. Kabichi zikanyeshewa pale siku tatu hadi zikaanza kunuka. Ikishakatwa huwezi kuirudisha shinani.

Alhamisi tukaitwa kikaoni. Mwenyekiti akauliza, "Fundi, kosa ni la nani?" Huyu ndiye aliyewahi kuniambia kwamba siku nikiteleza watamleta mwenye digrii. Nikajibu, "Niliandika nilichosomewa." Mama Rehema akasimama, "Mwenyekiti, nilisoma sawasawa." Nyuma mtu akasema, "Labda ulisoma kwa Kishambaa!" Watu wakacheka. Kisha akasimama mzee mwanzilishi wa chama, ambaye ni baba mkwe wa Mama Rehema na naye alikuwa amekata shamba zima. Akasema, "Nimekata kwa sababu chama kimeniambia nikate. Kumbe chama ni mke wa mwanangu." Hapo hakuna aliyecheka. Wakamsimamisha kazi Mama Rehema, uamuzi wa mwisho Jumamosi hii.

Tulipotoka nje, Mama Rehema alipiga goti mbele ya yule mzee. "Shikamoo, babu."

Mzee akavaa kofia yake, akapita bila kuitikia.

Mimi nilibaki nimesimama. Nilirudi ofisini nikasoma ile karatasi kwa macho yangu. Pameandikwa jina la yule mzee, kwa herufi kubwa: hifadhi ya msimu huu imepewa jina la mwanzilishi. Kwao mke hatamki jina la baba mkwe. Humwita babu, kama watoto wake wanavyomwita. Nikafungua hifadhi inayoitwa babu. Ipo kweli. Ni orodha ya msimu uliopita, yule fundi wa kwanza aliipa jina hilo kwa sababu imezeeka.

Tangu siku hiyo sijamwambia mtu, hata mke wangu. Nikisema, kazi imekwenda, na sina cheti cha kuniombea nyingine. Tena naogopa watageuza, waseme kosa ni lake kwa kukataa kutaja jina, na heshima yake kwa mkwe wake ijadiliwe mbele ya kikao kizima. Nikinyamaza, anafukuzwa kwa kosa langu, na nyumbani kwake kumeshaharibika. Mumewe amemwambia arudi kwao kwanza, mpaka mzee apoe.

Jana alinipigia simu. Nilidhani atanilaumu. Akasema, "Kaka, wewe huandika kila kitu na tarehe yake. Jumamosi njoo na daftari lako, usome ukurasa wa Jumatatu mbele yao. Nakuamini wewe tu."

Ukurasa wa Jumatatu ninao hapa mbele yangu. Niliporudi jioni ile niliandika: "Seva imewaka. Jina ni babu, kwa mujibu wa Mama Rehema. Leo angalau hakunichelewesha."

Ndugu zangu, Jumamosi ni keshokutwa. Daftari nimeshaliweka kwenye mfuko na kulitoa mara nne. Mwenye neno aniambie, nikifika pale mbele ya yule mzee nianze kusema nini?