Mzabibu wa Mwende

Niliondoka kwangu Tulia, kijiji cha huku Kitui, kwa sababu ya mti mmoja uliokataa kuzaa. Mti wenyewe ni mzabibu. Marehemu mdogo wangu Mwende, aliyekuwa akifanya biashara ya vitambaa hadi Dodoma, aliuleta ukiwa kijiti tu kilichofungwa kwa gazeti lenye maji. Akaupanda kando ya tangi letu, na kabla ya mwaka kuisha tukamzika. Mzabibu ukabaki. Ulitambaa juu ya fito ukafunika kiwanja chote, majani mazito hata wakati wa kiangazi. Zabibu sasa? Hata moja ya kuonja hatukuwahi kuiona.

Mume wangu, Baba Mutua, ni mtu mpole, lakini ni mkulima. Mwaka huu alisema mvua ya Novemba ikikaribia na mti haujaonyesha tunda, ataung'oa apande ndengu, zile choroko ndogo za kijani, maana pale ndipo penye udongo mzuri kuliko kote shambani. Nilijua anasema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi.

Hapo ndipo Syombua alipopiga simu. Syombua ni binti wa Mwende, anafanya kazi katika hoteli moja mjini Wote, na huniita Mama tangu mama yake atutoke. Alisema upande wa Makueni kuna mtu na mkewe wenye shamba la mizabibu, wanatengeneza divai ya povu ndani ya pango, na hupokea wageni wachache wachache. Amenipatia nafasi. Haya! Mimi ni mama wa kanisa, naimba kwaya na kufunza watoto Jumapili, leo niende kutembelea pombe? Nikamwambia nitaenda kuona miti, chupa zinisamehe.

Siku ya safari tulikusanyika Kitui mjini kukiwa bado na baridi. Syombua alikuwa amekuja kulala kwangu. Wengine walikuwa walimu wawili waliooana juzi juzi, na Bwana Kamau, muuza mbao aliyehamia Kitui kutoka Murang'a miaka mingi iliyopita na ambaye mdomo wake haujui likizo. Aliponiona na Biblia mkobani aliuliza kama nimekuja kuwaombea njiani au kuombea chupa. Nilimwambia nitaanza na yeye, kwa kuwa ndiye mwenye hali mbaya zaidi. Dereva wa gari letu alicheka mpaka akasahau kufunga mlango.

Tulishika barabara ya Kibwezi. Nilipokuwa msichana njia hii ilikuwa vumbi na mawe, ukifika uendako huna tofauti na tofali. Siku hizi ni lami tupu. Tulipita Mutomo, tukapita Ikutha, vichaka vimekauka rangi ya jivu, mbuzi wamesimama kwa miguu ya nyuma wakitafuta jani. Kwenye daraja la mto Athi dereva alipunguza mwendo tuone maji. Nilitazama kila kitu cha kijani kilichobaki kando ya barabara na kukihesabu kuwa ndugu ya mzabibu wangu. Nikaomba kimoyomoyo huko niendako wanipe dawa, mbolea au hata sala, chochote cha kumwonyesha Baba Mutua.

Makindu tulifika na njaa. Dereva alitupeleka kwenye hekalu la Masingasinga, ambapo msafiri yeyote hulishwa bila kuulizwa kabila wala dini. Tulivua viatu, tukafunika vichwa, tukaketi chini sote pamoja. Mzee mwenye kilemba alipita na ndoo ya dengu, mwingine na chapati za moto, na kila nilipomaliza aliniongeza kabla sijasema kitu. Nimepita mji huu mara nyingi nikienda Mombasa na sikuwahi kuingia, nikidhani si mahali pangu. Nilikula nikashiba, nikatoa shukrani kwa Mungu wangu nikiwa nyumbani kwa watu wengine, na sikuona kama Amekasirika. Hata Bwana Kamau alinyamaza, ingawa nadhani ni kwa sababu ya chapati.

Alasiri tuliacha barabara kuu na kupanda kwenye vilima vya upande wa Wote. Mwenye shamba, Bi Ndinda, alitupokea getini, mama wa makamo mwenye kofia ya majani na mkasi kiunoni. Alitusalimu kwa Kikamba, akamgeukia Bwana Kamau kwa Kiswahili, akatupa maji ya kunawa. Alitueleza kuwa yeye na mumewe walifanya kazi katika mashamba ya zabibu ugenini, wakarudi na akili badala ya kurudi na gari. Nilimpenda hapo hapo.

Alitutangulia kwenda pangoni, chumba kilichochongwa ubavuni mwa kilima, baridi yake ikanifanya nifunge leso mabegani. Chupa zilikuwa zimechomekwa kwenye mbao zenye matundu, shingo zikitazama chini. Alieleza kwamba divai ikishachachuka mara ya kwanza hutiwa kwenye chupa nene pamoja na sukari kidogo na hamira, inafungwa, ichachuke tena humo ndani. Hewa inakosa pa kutokea, ndiyo inayokuja kuwa povu. Mumewe, mtu mkimya, alikuwa akipita akizungusha kila chupa kidogo tu, ili mashapo yateremke polepole hadi shingoni. Baadaye shingo hugandishwa kwa barafu, kifuniko kinafunguliwa, na mashapo yanaruka nje yenyewe. Alitufungulia moja. Ilipolia nilimshika mwalimu mmoja mkono nikidhani ni bunduki, na Bwana Kamau akapata la kunichekea hadi leo.

Wengine walipewa glasi. Mimi Bi Ndinda hakunibembeleza wala hakunicheka. Aliingia ndani akaniletea maji ya zabibu ambayo hayajachachuka, akayamimina kwenye glasi ndefu kama za wenzangu ili nisijione mtoto. Kwa hilo namshukuru mpaka kesho.

Tulipotoka kwenda shambani nilishtuka. Mizabibu ya mstari wa kwanza ilikuwa mifupi, mikavu, imekatwa mpaka yasikitisha. Lakini mstari wa pili ulikuwa umechipua, na mstari wa tatu vishada vinaning'inia mpaka chini. Nikamweleza habari za mti wangu. Nikasema kwa majivuno kwamba tangu upandwe haujaguswa na kisu, na kwamba maji yote ya kuoshea vyombo ni yake, jua liwake lisiwake. Kwetu, mtu anayekata kitu cha kijani wakati wa kiangazi tunamuuliza kama ana homa.

Bi Ndinda hakucheka. "Mama Mutua, huo mti hauna ugonjwa," alisema. "Umeulea vizuri mpaka ukasahau kazi. Kule ng'ambo baridi ndiyo huuambia mzabibu kwamba msimu umekwisha. Sisi baridi hatuna. Mkasi ndio baridi yetu."

Akanielekeza: niunyime maji mpaka majani yaanze kuwa ya manjano, niukate matawi yote nibakize vijiti vyenye macho mawili matatu ya kuchipulia, kisha niumwagilie. Nilikasirika, nisiseme uongo. Nilimjibu kwamba mti ule ulipandwa na marehemu, na mkono wangu hautaukata, bora jembe la Baba Mutua kuliko mkasi wangu. Nikaondoka kwenda kusimama peke yangu karibu na gari.

Syombua alinifuata. Alisimama kando yangu bila kunigusa.

"Mama," alisema, "wewe umemtunza mama yangu kwa majani. Mimi nataka kula zabibu zake."

Nilirudi kwa Bi Ndinda, nikamwomba anionyeshe macho ya kijiti. Alinishika mkono, akaniongoza nikakata tawi la kwanza.

Usiku huo nililala kwa Syombua. Asubuhi, sokoni Wote, alininunulia mkasi wa bustani wenye vishikio vyekundu, tukaagana, nikarudi Kitui nikiwa nimeupakata kama mtoto.

Nyumbani nilimwambia Baba Mutua anipe muda mpaka mvua. Niliunyima mti maji. Majani yalipogeuka rangi, nilikata asubuhi moja mpaka jirani yangu akaja kuuliza kama tumegombana mimi na mume wangu. Jioni nikaumwagilia. Kesho yake nilipotoka nilikuta kila mahali nilipokata panadondosha maji, tone baada ya tone, mti mzima ukilia. Bi Ndinda alikuwa ameniambia utalia nisiogope. Sikuogopa. Niliketi chini yake nikamlilia Mwende kwa sauti, jambo ambalo siku ya mazishi sikulifanya kwa sababu ya kupikia wageni.

Vijicho vilifumuka. Kisha majani, kisha maua madogo ambayo mtu anaweza kuyapita asiyaone. Mawingu ya mvua yalipoanza kukusanyika, Baba Mutua alikuja na jembe begani, akasimama chini ya fito, akainua kichwa. Nami nilikuwa mlangoni, mwiko mkononi.

Alinyoosha mkono akashika kishada kimoja. Punje zilikuwa ndogo, za kijani, ngumu.

"Mama Mutua," akasema, "njoo uone. Zimekuwa kama ndengu."

Akaenda kulima upande wa pili wa tangi. Nami nikaingia ndani kumpigia Syombua simu, nimwambie ajitayarishe kuja kula.