Mtu Mwenye Nyota Kifuani

Kopo lile nililinunua mimi. Naanza na hilo kwa sababu watu wa nyumbani kwangu wanapenda kusimulia kisa hiki kana kwamba nilitokea tu nikaharibu kazi ya wanaume. Hapana. Nililichagua mwenyewe, kwa macho yangu na kwa cheti changu cha kidato cha nne.

Mume wangu ana gari dogo la abiria, mchomoko, linalokwenda na kurudi kati ya Nachingwea na Ruangwa. Mwaka ule rangi ilikuwa imebanduka, boneti limejaa mabaka, abiria wanalicheka mbele yake. Msimu wa korosho ulikuwa unakaribia. Korosho zikishauzwa watu wanasafiri, na mtu mwenye hela mfukoni hapandi gari lenye ukurutu. Akaamua kulipiga rangi nyumbani, uani kwetu. Kompresa angeazima kwa fundi wa tairi. Mpulizaji angekuwa mdogo wake, ambaye kila msimu anakodiwa kupuliza salfa kwenye mikorosho ya watu huko Lionja.

"Kupuliza ni kupuliza," shemeji yangu alisema. "Mkorosho una majani mangapi? Gari lina milango minne tu."

Tulicheka. Hata mimi nilicheka.

Siku ya kununua rangi tulikwenda wote Ruangwa. Mume wangu akabaki stendi kusubiri abiria, akanituma mimi dukani.

"Wewe ndiye msomi," akasema. "Makopo yenyewe yameandikwa Kizungu. Chagua isiyo na madhara. Kifua cha mtoto unakijua."

Nakijua. Binti yetu alikuwa na miaka mitatu, na ana pumu. Salfa inapopulizwa na vumbi lake la njano likatambaa mpaka mitaani kwetu, mtoto yule huvuta hewa kwa shida mpaka ngozi inazama katikati ya mbavu. Mwaka ule tulishamkimbiza hospitali mara mbili, mimi nimepakiwa nyuma ya bodaboda na mtoto kifuani, nikisikia filimbi inalia ndani yake. Mtu ambaye hajaisikia filimbi ile asiniambie kwamba nina hasira za bure.

Basi nikaingia dukani. Muuzaji alikuwa kijana wa kuja, msafi, ananukia.

"Sista, chukua hii. Makopo mawili, rangi na hadna yake, dawa ya kuigandisha. Ukichanganya ikikauka, hata ukipitisha ukucha haiguswi. Inang'aa kama kioo."

"Haina sumu?"

"Sumu?" Akaangua kicheko. "Sista, unataka kupaka gari au kupikia?"

Nikaligeuza kopo la hadna. Kulikuwa na picha ndani ya mstari mwekundu: mtu mweusi, kuanzia kichwa mpaka kifuani, na kifuani ana kitu cheupe chenye ncha ncha.

"Na huyu?"

"Hiyo nyota ni ubora, sista. Daraja la kwanza."

Nikaamini. Najiuliza mpaka leo kwa nini niliamini. Labda kwa sababu jezi za timu zinazochukua ubingwa zina nyota kifuani. Labda kwa sababu na mimi nilikuwa nimechoka kuonekana mke wa dereva wa gari la mabaka. Nililibeba kopo lile mapajani mpaka Nachingwea, nimelishika kwa mikono miwili lisipinduke kwenye kona.

Jumamosi asubuhi wakaanza. Walifunga turubai kutoka kwenye paa ili vumbi lisiingie kwenye rangi, na upande mmoja wa kibanda chao ukawa ukuta wetu wa chumbani, penye dirisha. Mama mkwe akaja na dumu la maziwa. Huku kwetu mtu akitoka kupuliza korosho anapewa maziwa yaoshe sumu. Hata nyumbani nilikozaliwa baba alikuwa anakunywa hivyo, na sisi watoto tukigombea yanayobaki kwenye kikombe.

"Na huyu mjukuu wangu atakunywa," mama mkwe akasema, "harufu isimguse."

Sikuweza kukaa. Nilifua nguo safi. Nilifagia mahali nilipokwisha kufagia. Nikaenda uani, nikarudi, nikaenda tena. Shemeji alikuwa anapiga msasa huku amejifunga puani kitambaa chake cha korosho, kile kile chenye madoa ya njano. Mume wangu anapiga mluzi. Mtoto anazungukazunguka miguuni mwao. Kila mtu ametulia isipokuwa mimi, na sikuwa na sababu ya kusema.

Mwishowe nikalichukua lile kopo la hadna, nikakaa nalo kizingitini, nikaanza kusoma maandishi madogo. Kiingereza changu ni cha mtihani. Maneno mengi niliyaruka. Halafu nikakutana na neno moja lisilohitaji kutafsiriwa: *asthma*. Neno hilo liko ukurasa wa kwanza wa daftari la hospitali la mwanangu, daktari kaliandika na kulipigia mistari miwili.

Nikamtazama tena yule mtu wa kwenye picha. Haikuwa nyota. Ni kifua kinapasuka.

Pale pale kompresa ikanguruma.

Nilitoka mbio. Shemeji alishachanganya kikombe cha kwanza cha rangi, yuko ndani ya turubai anakikoroga kwa kijiti. Mtoto amesimama nje yake, ametumbukiza kidole kwenye tundu la turubai, anachungulia. Sikupiga kelele. Nilimnyakua kwa mkono mmoja, nikaingia ndani ya nyumba, nikachomoa ukutani waya wa kuunganishia kompresa, nikauvuta mpaka ukachomoka na upande wa pili, nikauzungusha mkononi kama kamba ya mbuzi.

Kompresa ikazimika.

"Nani kakata umeme?" Mume wangu huyo.

"Mimi."

"Mama mtoto, rangi imeshachanganywa! Itaganda!"

"Iache igande."

Shemeji akashusha kitambaa chake kidevuni. "Shemeji, mimi salfa naila kila mwaka na niko hai."

"Kila asubuhi unakohoa mpaka kuku wanatoka bandani. Huko ndiko kuwa hai?"

Mama mkwe akainua dumu lake. "Kwani maziwa si yapo? Mtoto atapewa maziwa."

"Mama, maziwa yanakwenda tumboni. Hii inakwenda kifuani. Huko maziwa hayafiki."

Akasema kwa Kimwera neno ambalo sitaliandika. Mume wangu akachukua kopo, akalitazama juu chini, akanigeukia.

"Si wewe uliyechagua?"

"Ni mimi. Nimedanganywa, na nimekubali kudanganywa kwa sababu na mimi nilitaka ling'ae. Sasa nimesoma. Asome na mwingine aniambie nimekosea."

Nikamfunga mtoto mgongoni, waya nimeushika, nikaondoka. Nilitembea mpaka barabara kubwa, nikarudi, nikatembea tena. Watu wakanisalimia, nadhani sikuwajibu. Mwanamke anazunguka mjini na waya wa kompresa mkononi, wacha waseme.

Niliporudi alasiri turubai lilikuwa limeshushwa. Wanaume wameondoka. Mama mkwe alikuwa peke yake uani, ameinama juu ya kile kikombe. Akashika kijiti ili akichomoe. Kikombe kizima kikainuka naye. Akakigonga ukutani. Ko, ko. Kama jiwe.

"Hii," akaniuliza taratibu, "ndiyo ingeingia kifuani?"

"Ikiwa mbichi, mama. Wanapopuliza inakuwa kama ukungu."

Akakiweka chini pamoja na kijiti chake. Kisha akaingia jikoni na maziwa yake, akayachemshia chai. Mume wangu aliporudi, mama alimwambia neno moja tu: gari lipelekwe mbali.

Juma lililofuata nikarudi Ruangwa. Muuzaji aliponiona akatabasamu.

"Sista, imekubali?"

"Nionyeshe kopo lisilo na huyu mtu." Nikabandika kidole kwenye picha ya kopo la hadna lililokuwa rafuni. "Nyota ya ubora, siyo? Mtoto wangu ana pumu. Ungeniambia hujui, ningekuheshimu."

Tabasamu likaisha. Nilipitia makopo yake moja baada ya jingine, wateja wengine wamesimama wananisubiri. Picha ya moto ilikuwa kwenye yote. Mwishowe nikapata rangi ya kopo moja, isiyotaka hadna, ina picha ya moto lakini haina yule mtu. Moto nauogopa, lakini moto nauona unapokuja. Sikujidanganya kwamba nimepata rangi salama. Hiyo duka lile halikuwa nayo. Nilichoweza kuchagua ni isiyo na hadna, brashi badala ya kompresa, na mbali na mwanangu.

Mume wangu na mdogo wake wakalipaka gari huko Lionja, shambani kwa shemeji, mahali pa wazi penye upepo, na mimi sikukanyaga huko. Gari likarudi na michirizi ya brashi kuanzia boneti mpaka nyuma. Siku ya kwanza tu stendi, abiria mmoja akauliza, "Dereva, hili ni gari au mlango wa duka?" Mume wangu alinisimulia huku ananitazama, akingoja niombe radhi. Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Harufu ya rangi ilikaa ndani ya gari zaidi ya wiki mbili. Nikasema mtoto hapandi mpaka iishe. Mtoto akalia, maana anapenda gari la baba yake kuliko kitu chochote. Siku ya kliniki harufu ilikuwa bado, nikambeba mgongoni tukaenda kwa miguu, jua linachoma. Gari likaja sambamba nasi taratibu, lina nafasi mbili wazi. Mume wangu akapiga honi, akapunguza mwendo, akapiga tena.

Mtoto akachomoa mkono kwenye kanga akampungia baba yake. Nilikuwa nausikia mgongo wangu unapanda na kushuka kwa pumzi yake, kimya, bila filimbi. Sikugeuka.