Taa Niliyomwashia Kinyonga

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwashia taa.

Aliyewahi kukaa Same mwezi wa pili hahitaji maelezo. Saa nane mchana bati la chumba changu hulia lenyewe kwa joto, kuku wa jirani hujibanza kwenye kivuli cha ukuta wakiwa wameachama midomo, na mtu mwenye akili yake hatembei mpaka saa kumi ipite. Ndani ya chumba hicho mimi niliwasha balbu nikaielekeza kwa kinyonga ambaye, pamoja na mkia wake, hakuzidi urefu wa kidole changu cha kati. Nilipima kwa rula. Sentimita ishirini kutoka kwenye balbu hadi kwenye kijiti alichokalia. Video ilisema ishirini, na mimi sikutaka iwe kumi na tisa.

Mimi ni fundi simu, na hakuna aliyenifundisha. Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo sipendi kuyataja, nikakaa nyumbani na simu ya mama iliyopasuka kioo, nikaangalia video mpaka nikaweza kuifungua na kuifunga bila kubakiza skrubu hata moja. Sasa nina kibanda karibu na stendi. Kwa hiyo naamini, au niseme niliamini, kwamba hakuna kitu kinachoshindikana ukikiangalia mpaka mwisho, ukaandika kila hatua na usiruke hata moja. Anayeruka hatua ndiye anayeharibu. Nilikuwa nawadharau kimoyomoyo mafundi wenzangu wanaobahatisha.

Kinyonga nilimpata Chome, juu milimani, kwa kaka yake mama. Nilipanda kumsaidia kazi za shamba siku chache mwishoni mwa mwezi wa kwanza, na asubuhi moja alikuwa anafyeka uzio wa mimea ya masale kwa panga huku mimi nakusanya yaliyokatwa. Kwenye shina moja lililokwisha kuanguka nikamwona, mdogo, ameng'ang'ania kama hajapata habari kwamba mti wake umeshakatwa.

"Mjomba, subiri. Kuna kinyonga hapa."

"Mweke kule kwenye mti wa kahawa," alisema bila kugeuka. "Na umweke kweli, usije ukamchezea akakufia. Huyo ni wa huku huku."

"Sawa, mjomba."

Nilikwenda mpaka kwenye mkahawa. Alikuwa amenishika kidole kwa miguu yake yote minne, ile miguu iliyogawanyika kama koleo, na mkia ameuzungusha kwenye kucha. Jicho moja lilinitazama mimi, la pili lilikuwa linaangalia njia. Nilisimama pale muda mrefu kuliko inavyochukua kumweka mdudu kwenye tawi. Kisha nikachukua kopo la misumari la mjomba lililokuwa juu ya ukuta wa zizi, nikamwaga misumari kwenye nyasi, nikaweka majani mabichi ndani na kinyonga juu yake.

"Umemweka?" mjomba aliuliza niliporudi.

"Nimemweka."

Nikaendelea kukusanya masale.

Wiki ya kwanza Same, chumbani kwangu, alikaa kwenye boksi lililowekwa dirishani upande wa kivuli, kwa sababu kibanda chake kilikuwa hakijakamilika. Nilikijenga kwa mbao na chandarua mara tatu. Mara ya kwanza pembe hazikukaa sawa, mara ya pili mlango ulibaki na mwanya ambao hata nzi asingeupita lakini mimi nilikuwa nauona. Wiki hiyo ya boksi alikula vizuri. Nilimfugia vijinzi kwenye maganda ya ndizi zilizooza, nikawa navihesabu vinavyoingia na vinavyobaki na kuandika kwenye daftari. Nikikosea herufi nilichana ukurasa na kuanza upya. Maji nilimpulizia kwenye majani asubuhi na jioni, naye alilamba matone moja moja. Maji yetu yana chumvi, yakikauka huacha madoa meupe, kwa hiyo kila siku niliyafuta majani yale kwa kitambaa, jani moja baada ya jingine.

Mama hakuingia chumbani. Alizaliwa huko huko juu na alilelewa kuogopa kinyonga kama wengine wanavyoogopa nyoka. Alisimama mlangoni na ufagio.

"Hivi vijidudu vinavyoruka mpaka kwenye mboga yangu ni vyako?"

"Ni chakula chake, mama."

"Chakula chake kiko kwenye chakula changu."

Jirani yetu, mama mmoja mshonaji anayeweka cherehani yake kwenye baraza tunayotumia pamoja, alichungulia siku moja tu akarudi nyuma ameshika mtandio wake.

"Astaghfirullah! Mwanangu, ukikosa mchumba sema, tutakutafutia. Si mpaka uoe hilo dude."

"Hang'ati, mama."

"Asing'ate! Watu wa maliasili wakija mimi nawaonyesha mlango, nakwambia mapema."

Kibanda kilipokamilika ndipo nilipofunga taa. Karibu video zote nilizofuata zilitengenezwa na watu wa nchi za baridi. Kwa mmoja wao theluji ilionekana dirishani akiwa anaeleza. Wote walisema jambo moja: bila taa ya joto kinyonga hufa. Nikaandika kwenye daftari, nikapigia mstari, nikachukua taa ninayotumia mezani kazini. Sikujiuliza hata mara moja theluji ile ilikuwa inafanya nini pale dirishani. Kuuliza ingekuwa kuruka hatua.

Siku ya pili ya taa alianza kupauka, akawa kijani hafifu sana, karibu njano. Niliandika: rangi nzuri, imeng'aa. Alikaa akiwa ameachama mdomo. Niliandika: anapiga miayo. Daftari hilo bado ninalo na mwandiko wake ni safi kabisa.

Jumapili baada ya ibada mjomba alipiga simu, kama anavyofanya kila Jumapili.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa. Mnaishije huko?"

"Joto tu, mjomba."

"Huku siku ya tatu hatujaona jua. Ukungu umelala mpaka kwenye migomba. Asubuhi nimewasha moto wa kuota."

Nilikuwa nimekaa kitandani natazama balbu. Kinyonga alikuwa ameachama mdomo chini yake. Nilihitaji kumuuliza swali moja tu, na mtu huyu ameishi na vinyonga shambani kwake tangu azaliwe. Lakini ili nimuulize ilibidi kwanza niseme kwamba ninaye. Nikamuuliza habari za ng'ombe.

Aliacha kula katikati ya wiki hiyo. Vijinzi vilitembea mbele yake naye hakuvitupia hata jicho. Nilipitia daftari kutafuta hatua niliyoiruka na sikuipata, nikaogopa zaidi, kwa sababu kosa lisilo na mahali pake sijui kulirekebisha. Nilisogeza balbu ikawa sentimita kumi na tano. Naandika hivi kwa sababu ndivyo nilivyofanya.

Aliyeliona tatizo ni mama. Alikuwa amesimama pale pale mlangoni, hakuvuka kizingiti.

"Macho yake yameingia ndani."

"Ndivyo walivyo, mama. Huwajui hawa."

"Siwajui. Lakini nimelea watoto. Mtoto akiharisha siku mbili macho yanakuwa hivyo hivyo. Huyo amekauka. Na wewe umemwanika."

Alikwenda zake jikoni. Nilitaka kumbishia. Nilichukua simu nitafute ushahidi wa kumwonyesha, na safari hii sikuandika "kinyonga", niliandika kinyonga wa milima ya kwetu. Hakukuwa na video. Kulikuwa na mistari michache ya maelezo, na niliisoma nikiwa nimesimama: anaishi kwenye misitu ya baridi na ukungu, na joto kali humuua.

Nilizima taa. Nililoweka magunia nikayatundika kuzunguka kibanda, nikaweka beseni la maji chini na feni ikipuliza juu yake. Nikampulizia maji kwa saa nzima, kidogo kidogo, mpaka jioni ile akatoa ulimi akalamba. Nilihesabu mara sita.

Hapo ndipo nilipopaswa kupanda naye Chome kesho yake, na mama aliniambia hivyo waziwazi.

"Mpandishe kwa kaka yangu. Magari yapo kila siku."

"Akinenepa kidogo nitampandisha."

"Anenepe aende wapi? Kwenye harusi?"

"Siwezi kumrudisha akiwa hivi, mama. Mjomba atamwona."

"Kwa hiyo unasubiri awe mzuri wa kuonyeshwa?"

Niligeuka nikaendelea kupulizia majani. Lakini ndiyo, nilikuwa nasubiri hilo hasa. Nilikuwa nimepanga akilini: nitamnenepesha, nitapanda naye kama mtu anayekwenda kusalimia, nitamweka kwenye mkahawa ule ule bila kuonekana, na itakuwa kama sikusema uongo. Alichohitaji ni baridi, na baridi ilikuwa mwendo wa saa chache kutoka kitandani kwangu. Nilimnyima kwa siku tatu ili nisione aibu. Jumapili ya pili ikaangukia ndani ya siku hizo. Mjomba alipiga, nikaiacha simu ikaita mpaka ikakata.

Siku ya tatu nilimkuta amefumba macho mchana. Yote mawili. Hilo sikuhitaji kulisoma popote.

Nilipanda na gari la mchana nikiwa nimemshika kwenye lile kopo, kitambaa kibichi juu yake. Tulipofika kona za juu hewa ikabadilika na watu wakaanza kuvaa masweta. Nilifunua kitambaa nikamwonyesha hiyo baridi kana kwamba ataelewa. Alifumbua jicho moja kidogo, akalifumba.

Mjomba alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja bila hata simu? Mama yako mzima?"

"Mzima."

Nikaweka kopo chini mbele yake. Hakuharakisha kulifunua. Aliligeuza kwanza, akaangalia kitako chake.

"Kopo langu limerudi," alisema. "Misumari niliiokota siku mbili kwenye nyasi. Nikawa najiuliza, mwizi gani huyu anaacha misumari anachukua kopo?"

"Mjomba, nilikudanganya."

"Najua. Nilijua siku ile ile. Jumapili zote hizi napiga simu nasema leo atasema. Nakueleza habari za ukungu, wewe unaniuliza ng'ombe."

Alifunua kitambaa. Akanyoosha kidole chake kikubwa chenye udongo akakiweka chini ya kifua cha kinyonga, akangoja kama kitashikwa. Hakikushikwa.

"Ulimweka wapi?"

"Chumbani. Nilimwashia taa."

"Taa?"

"Ya joto."

Nilitamani agombe. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kwa kugombezwa.

"Same?" akasema tu. "Mwezi huu?"

Alimbeba mwenyewe mpaka kwenye mkahawa, akamlaza penye matawi mawili yanayokutana, kwa sababu asingeweza kujishika. Tulisimama pale. Ukungu ulipanda kutoka bondeni mapema siku hiyo, ukaingia kwenye migomba, ukafika kwetu, na majani ya mkahawa yakaanza kuota matone, maji yasiyo na chumvi ambayo hakuna mtu aliyeyapulizia. Tone moja lilitiririka likapita kwenye pembe ya mdomo wake. Nilisubiri ulimi. Likapita la pili. Rangi yake ilikuwa inageuka kuwa kahawia kwa mabaka, kuanzia mkiani, na mjomba akanishika bega akasema, "Basi. Amekwisha."

Nilimuuliza kama angepona endapo ningempandisha siku ile mama aliponiambia. Nilitaka aseme hapana.

"Huenda angepona," alisema mjomba. "Alikuwa bado analamba?"

"Alilamba."

"Basi huenda angepona."

Hakulainisha, na ninamshukuru kwa hilo, ingawa siku hiyo sikumshukuru. Alirudi kwenye maharage yake. Mimi nilichimba shimo dogo kwa kijiti chini ya mkahawa, na hata hapo nilijikuta nanyoosha kingo zake ziwe sawa, nikajiona, nikaacha.

Siwezi kusema nimepona tabia hii. Bado nachana kurasa. Bado nikifunga simu ya mteja naifungua tena kuhakikisha, na kuna siku silali vizuri kwa jambo ambalo mteja mwenyewe hatakaa alione. Kinyonga hakunifundisha kuwa na amani, na sitafuga kitu kingine chenye uhai. Kilichobadilika ni kimoja. Nikiharibu kitu, nasema siku hiyo hiyo, kabla sijajua kama kinarekebishika. Mwezi uliopita nilikata waya mmoja ndani ya simu ya mwalimu, nikampigia kwa namba ya pili aliyoniachia wakati simu yake ikiwa bado wazi mezani. Alinifokea sana. Nilimsikiliza mpaka akamaliza.