Simiti Haisalimiwi Njiani

Mpango wangu wa kwanza niliuchora kwa chaki kwenye sakafu ya nyumba ya mama, Kambi Muru, mtaani Kibera. Kisiwa cha Rusinga, cha Ziwa Victoria, nilikichora kama kiazi. Upande mmoja niliweka mstari mfupi, ndilo tuta la mawe na udongo linalokiunganisha kisiwa na nchi kavu pale Mbita, ambalo magari hupita juu yake. Nikazungushia kiazi barabara ya vumbi, nikatia alama pa kupanda kilima, pa kuoga ziwani na pa kula. Nilipomaliza nilisimama kando, nikingoja kusifiwa.

Nilikuwa na sababu ya kujiamini. Miaka hiyo ya tisini nilikuwa dereva wa pikapu ya duka la vifaa vya ujenzi, Kawangware, kituo cha 56. Kutwa nilipeleka simiti, mabati na misumari, Riruta na mbele yake, na kupanga njia nilikujua: unaanza na nyumba ya karibu, unamaliza na ya mbali, na hupiti mahali pamoja mara mbili.

Safari yenyewe ilitokana na ubishi. Jirani ya mama alikuwa fundi wa cherehani kutoka mkoa wa Magharibi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Mama aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, na sukuma wiki mbele ya mlango wake, fundi akishona mbele ya wake, na kutwa kucha walirushiana maneno. Mama alizaliwa Rusinga, na fundi hakukubali kwamba hicho ni kisiwa.

"Nyar chula," alimwita, yaani binti wa kisiwa, "kisiwa gani hiyo mtu anaingia na gari? Wewe umezaliwa kwa shamba tu, shamba imeingia kwa maji."

Mama alivumilia utani huo miaka. Siku moja, kwenye foleni ya maji, mbele ya wanawake na mitungi yao, alijibu: "Nitakupeleka. Utasimama juu ya kilima yetu, ugeuke pole pole, halafu uniambie shamba umeiona upande gani."

Neno likisemwa kwenye foleni ya maji halirudi mdomoni. Kufika jioni, watu walikuwa wakimuuliza mama safari ni lini. Basi jambo lilikuwa hilo moja tu: kumfikisha yule fundi juu ya kilima kabla jua halijashuka, ili ajionee maji pande zote. Tukishindwa, mama angechekwa kila akienda kuteka maji.

Gari nililikodi kwa mzee mmoja wa Kawangware, stesheni wagoni nyeupe iliyozoea kubeba maharusi. Alinipa kwa siku tatu: ya kwenda, ya kisiwani na ya kurudi. Aliponikabidhi ufunguo aliushika kidogo kabla ya kuuachia.

"Kijana, unaenda kwa ziwa, sawa. Lakini sitaki samaki kwa gari yangu. Bibi harusi wa wiki ijayo asinuke tilapia."

Nikamwapia.

Sasa turudi kwenye sakafu ya mama. Aliinama, akakitazama kiazi changu muda mrefu, mikono kiunoni.

"Nyathina," aliniambia, maana yake mwanangu, "hapa umepanga safari ya simiti."

"Kwani ina kasoro gani?"

"Simiti haisalimiwi njiani."

Akachukua chaki, akaanza kutia nukta kwenye ile barabara yangu. Hapa kwa mjomba wako mdogo. Hapa kwa binamu yangu. Hapa kwa shangazi yangu. Hapa tena, na hapa. Mwisho kabisa, upande wa pili wa kiazi, aliweka nukta kubwa: kwa kaka yake mkubwa, chini ya kilima.

Ngoja nikueleze, maana hata mimi, niliyekulia Nairobi, ilibidi nielezwe. Binti wa kwetu akirudi nyumbani hapiti mlango wa ndugu yake kama asiyemjua. Huingia. Akishaingia hukalishwa, na akishakalishwa kuku hukimbizwa uani. Kuku akianza kukimbizwa, asubuhi yako imekwisha, kwa sababu atachinjwa, atanyonyolewa na atapikwa taratibu, nawe huwezi kuondoka bila kumla. Zaidi ya hapo, ziara huanzia kwa mkubwa. Ukianza kwa mdogo kwa sababu tu nyumba yake iko karibu, umemwambia mkubwa kwamba umri wake si kitu. Kwa mpango wangu wa karibu kwanza, tungeanza kwa mdogo, tungekula kwenye kila nukta, na kilima tungekiona kupitia kioo cha gari gizani.

"Sasa tutafanyaje?" nikauliza.

"Tutapanga kama watu," alisema mama.

Alichofanya nakipendekeza kwa yeyote anayekwenda kwao kwa siku moja. Kwanza aligeuza njia. Tukivuka tuta, tushike upande mrefu wa kisiwa, ule usio na milango mingi ya ndugu, ili tufike kwa kaka mkubwa kabla ya wengine. Nililalamikia petroli. Aliendelea na chaki yake. Pili, alituma salamu. Omena yake ilitoka ziwani kwa basi, ikipitia mikono ya mwanamke mmoja wa Mbita, na kwa mikono hiyohiyo maneno yalirudi kwa kaka yake: mkubwa awaite wote wakusanyike kwake, kila nyumba ilete sufuria yake na mtu wa kuibeba. Kwa kuwa aliyeita ni mkubwa, hakuna ambaye angesema amerukwa.

Siku ilipofika tulilala Mbita, na asubuhi tukavuka tuta. Fundi alikaa mbele, kitambaa kipya kichwani, akichungulia dirisha lake, kisha langu.

"Mbona naona maji hapa na hapa tu? Hata Nairobi Dam iko na maji hapa na hapa."

"Nyamaza uendeshwe," mama alimjibu kutoka nyuma.

Upande mrefu ulikuwa na mawe makali, nami niliendesha kama niliyebeba mayai. Tulikuwa tumeanza kuona kilima chote kilipotokea kikwazo ambacho hata mama hakukipanga. Mwanamke alikuwa amesimama katikati ya barabara, miguu imetanuka, jogoo mzima akipiga mbawa chini ya kwapa lake. Alikuwa mke wa binamu ya mama. Nyumba yao ilikuwa imehamia upande ule bila mama kujua, na salamu hazikuwafikia.

Akaja dirishani. "Mnapita? Kwangu mnapita? Nimesikia gari, nimekamata huyu, maji iko jikoni, mnapita?"

Nilitazama jua, kisha nikamtazama mama kwenye kioo. Kushuka ilikuwa kupoteza kilima, na kupita ilikuwa kupoteza ndugu.

Mama alifungua mlango wa nyuma. "Nani anapita? Tumekuja kukuchukua. Kaka mkubwa anaita watu wote. Panda!"

"Na jogoo?"

"Panda na jogoo yako. Ni mgeni kama sisi."

Yule mwanamke alisimama kidogo, uso ukipambana na kicheko. Kicheko kikashinda, akapanda. Jogoo alipitishwa mbele kwa sababu nyuma alikuwa akidonoa, na fundi wa cherehani akaingia uwanjani kwa mjomba mkubwa amemshika miguu, kitambaa kipya kimehama hadi sikioni.

Sufuria zilikuwa zimefika kweli, zimepangwa kivulini na wenyewe wamekaa kando. Mjomba alitupokea kwa mikono miwili. Tulipomaliza salamu alielekeza viti. "Kaeni, mle. Mgeni hapandi kilima na njaa."

"Kaka," mama alisema kwa adabu yote, "huyu mgeni akishakula ugali ya hapa, hatapanda hata kitanda."

Watu wakaangua kicheko, fundi mwenyewe akiongoza. Mjomba alikuna kidevu, akamtazama jogoo. "Basi pandeni. Huyu mtamkuta ameiva."

Mama alitangulia. Sijawahi kumwona akitembea vile. Kibera alitembea akikwepa mitaro, macho chini, na pale alipanda kichwa juu kama anayepanda ngazi za nyumba yake. Fundi alihema nyuma yangu. Katikati ya kilima alikaa juu ya jiwe akasema ameona vya kutosha.

"Umeona upande mmoja," mama alimwambia. "Usiangalie juu. Angalia kisigino yangu tu. Ikisonga, usonge. Ikisimama, upumzike."

Hivyo ndivyo alivyomfikisha, kisigino kwa kisigino, bila kumkaripia hata mara moja, na jua lilikuwa bado na nguvu.

Juu kulikuwa na upepo. Mama alisogea pembeni, akakaa chini. Fundi alifunga kitambaa chake upya, akaanza kugeuka pole pole, kama alivyoagizwa kwenye foleni ya maji. Maji. Akageuka tena kidogo. Maji. Alitafuta shamba kwa bidii, namjua, asingekubali kirahisi. Mwisho alinyoosha kidole kwenye lile tuta, jembamba kama uzi kwa mbali.

"Na hiyo?"

"Hiyo ni kamba," alisema mama. "Mbuzi ukimfunga kamba, anawacha kuwa mbuzi?"

Fundi akapiga makofi, akacheka hadi akajishika mbavu. "Basi, nyar chula. Basi! Ni kisiwa."

Tulishuka tukala kutoka kila sufuria, na hakuna aliyenuna. Wanawake walioga ziwani. Tukavuka tuta kabla ya giza.

Kawangware, mwenye gari alizunguka gari lake akinusa kila kona. Hakupata harufu ya samaki. Alipata nyoya jeusi la jogoo chini ya kiti cha mbele, akalishika mbele ya pua yangu.

"Hii nayo?"

"Si samaki," nikamwambia, naye akakubali kwamba si samaki.

Wiki ileile nilipita Kambi Muru baada ya kazi, nikaikuta foleni ya maji. Msichana mmoja aliuliza kwa kejeli ni kisiwa gani kinaingiwa na gari. Mama alikuwa hapo na mtungi wake, nikamngoja ajibu. Aliyejibu ni fundi, kwa ile sauti ya kuita ng'ombe.

"Wewe, mbuzi ukimfunga kamba anawacha kuwa mbuzi? Kisiwa yetu nimesimama juu yake na hii miguu!"

Mama aliinama, akasogeza mtungi wake mbele kidogo. Maneno yale yalikuwa yake na hakuyadai. Lakini alipoinua kichwa alikuwa na uso ule aliopanda nao kilima.