Kilimia Kikigusa Mlima

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, mwezi wa nne jua likishazama, angalieni upande huo huo lilikozamia. Mkiona nyota ndogo zimesongamana kama vifaranga kwenye baridi, hizo ndizo Kilimia.

Juzi nililetewa mahindi ya mbegu kutoka kwetu kijijini Keringet. Nilipofungua mfuko nikasikia ile harufu ya moshi. Nilipokuwa mdogo, mama alikuwa akitundika mbegu juu ya meko ili wadudu wasiiguse. Mwaka mmoja mvua ya kwanza ilinyesha siku moja tu, majirani wote wakapanda.

"Sisi tunangoja nini?" baba akauliza. "Tuchekwe?"

"Mbegu ni hii tu," mama akasema. "Ikifia kwenye vumbi, watoto watakula nini? Kilimia bado kiko juu, mvua yenyewe haijafika."

"Kwani nyota ndiyo italima?"

Kila jioni mama alinishika mkono tukasimama nje. Mbingu ilijaa mpaka nikaogopa kupumua, nikidhani nyota zitamwagika. Mashamba ya majirani yalikuwa yamekauka. Halafu jioni moja, giza lilipoingia tu, Kilimia kikagusa mgongo wa mlima, nyota zikazama moja moja, nami nikasahau baridi. Wiki hiyo mvua ilikuja ikakaa. Baba akaitundua mbegu, akapanda.

Jana mvua ilinyesha hapa mtaani Free Area. Mjukuu wangu ameshachimba mashimo nyuma ya nyumba.

"Shosho, si tupande tu?"

"Hakuna kupanda. Zima taa zote, tutoke nje."