Pombe Iliyowekwa Ng'ambo

Harufu ya kimea cha ulezi kikianikwa juani hunirudisha Mollo, kwenye masika yale mama alipokasirika. Kabla ya hapo sikujua kama anaweza. Mama yangu alikuwa mtu wa pole na asante, hata kuku akimwaga unga, yeye humwambia, "Haya mwanangu, toka hapo." Nilijiuliza siku nyingi hasira ile ilikuwa imekaa wapi muda wote.

Kati ya kijiji na shule palikuwa na kijito, na juu yake magogo mawili. Moja lilioza likaanguka. Watu walilitazama, wakasikitika, wakapita zao. Wengine walisema serikali itakuja, wengine walisema wenye watoto wataona wenyewe, ingawa karibu kila nyumba ilikuwa na watoto! Mvua zilipokolea, mdogo wangu Oliva aliteleza akaenda na maji, nikamdaka kwa mkoba wake kwenye matete. Jioni majirani walijaa nyumbani kutupa pole. Baba akaamua Oliva akae nyumbani mpaka mwaka ujao, na kwetu binti akikaa nyumbani mwaka mzima, shule ndiyo basi tena. Mama aliloweka ulezi.

Kwetu mtu akipika pombe, majirani huja na majembe kumlimia, ndipo wanywe. Basi siku ilipofika walikuja kwa shangwe, tayari kuzika nyasi na kuinua matuta. Mitungi hawakuiona. Mama alikuwa ameivusha kijito alfajiri, akipita majini hadi kiunoni, na sasa alisimama ng'ambo na mwiko mkononi.

"Leo hakuna shamba!" alipaza sauti. "Pombe iko huku. Anayeitaka apite kwenye gogo, kama wanavyopita watoto wenu. Majini asipite mtu!"

"Mama Yusta, acha utani, sisi watu wazima," alisema jirani yetu, Mzee Kanisio, akimwita kwa jina langu, akapanda gogo. Katikati likayumba. Akaketi kama aliyepanda punda, akarudi kinyumenyume kwa makalio. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Chekeni!" Mama aliwanyooshea mwiko. "Mwanangu alipoondoka na maji mlikuja kunipa pole. Sizitaki pole zenu! Mnataka nizizike naye?"

Kicheko kilikatika. Mzee Kanisio ndiye aliyekwenda kuchukua shoka. Jua lilipoanza kushuka, magogo mapya yalikuwa yamelala juu ya maji, yamefungwa kamba na kushindiliwa udongo. Mama alimpa Mzee Kanisio kikombe cha kwanza, kisha akakaa chini akalia. Jumatatu Oliva alikwenda shule.

Sasa naishi mjini, Mazwi. Mbele ya nyumba zetu mfuniko wa mtaro umevunjika tangu mvua zilizopita. Bodaboda wanalikwepa shimo, na sisi tunatumiana picha yake kwenye simu, na vikatuni vya kulia. Juzi mtoto wa jirani alitumbukia, akatolewa mguu umechanika. Tulikwenda wote kumpa pole. Niliporudi ndani nilisikia joto linapanda kifuani, nikaketi kulisikiliza. Kumbe hapo ndipo hasira inapokaa!

Nikampigia mama. "Shikamoo mama. Hivi ulezi unalowekwaje?"

"Marahaba. Umepata shamba huko mjini?"

"Hapana, mama. Tuna shimo."

Akaniuliza kama mwiko ninao.